Bei ya Udhaifu

Msimulizi wa hadithi anaweza kuuficha moyo wa hadithi yake hata asiujue mwenyewe. Anaandika, msomaji anavutwa, na hakuna anayelazimika kusema ni kitu gani hasa kilichomvuta. Mtunzi wa kanuni za mchezo hana maficho hayo. Akiamua kwamba nguvu za misuli zihesabiwe na mapenzi yasihesabiwe, ameshatangaza kipi kina uzito na kipi ni pambo. Ndiyo maana nashikilia kwamba uhakiki makini kuliko wote uliowahi kufanyiwa mashujaa wa vitabu vya katuni vya Marekani uliandikwa na mashabiki wao, ndani ya vijitabu vya kanuni vilivyojaa majedwali na hesabu za dadu, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Na jambo kubwa walilolibaini, baada ya kupapasa kwa miaka kadhaa, ni kwamba uwezo wa shujaa haumtoshi kuwa shujaa. Kinachomfanya awe na hadithi ni udhaifu wake, na zaidi ya udhaifu, watu wanaomdai.

Kwa asiyeijua, michezo ninayoizungumzia huchezwa na watu wanne au watano waliozunguka meza. Mmoja ni mwendeshaji: anausimulia ulimwengu, anawasemea maadui, wauza magazeti na wapita njia. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na karatasi iliyoandikwa uwezo na mapungufu ya mhusika huyo. Mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na pale ambapo matokeo yana shaka dadu hurushwa. Hakuna mshindi. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuchapishwa ulikuwa Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, mwaka 1974, huko Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin. Ulizaliwa kutokana na michezo ya vita vya vinyago, na urithi huo unaonekana katika vitu ulivyovipima: uwezekano wa kuipata shabaha, ukubwa wa jeraha, wingi wa dhahabu. Kwa hadithi za kuingia pangoni na kutoka na hazina, vipimo hivyo vilitosha. Mashabiki wa katuni walipotaka kuketi kwenye meza kama hiyo pamoja na mashujaa wao, walikuta vimepungukiwa, na hapo ndipo kazi ya kufikiri ilipoanza.

Majaribio ya mwanzo yanastahili heshima kwa sababu yalikosea mahali pa maana. Superhero: 2044 ya Donald Saxman, iliyotoka mwaka 1977, ilimtaka mchezaji apange ratiba ya wiki nzima ya shujaa wake, doria ikiwa kazi kuu. Ni usomaji halali: shujaa kama askari wa zamu. Lakini hakuna msomaji aliyewahi kununua katuni kwa hamu ya kujua zamu zimepangwaje. Mwaka 1979 Jeff Dee na Jack Herman, wakiwa bado vijana wadogo, walileta Villains and Vigilantes, ambamo mchezaji alijiandika yeye mwenyewe, kwa akili yake na mwili wake ulivyo, kisha dadu zikampa nguvu za ajabu na udhaifu mmoja wa kwenda nazo. Hapo kuna fununu ya jambo kubwa, ila udhaifu bado ni bahati mbaya tu. Umekuangukia kama mvua na hukuulizwa kama unautaka.

Tatizo lililowasumbua wote hawa ni Superman na Batman. Mmoja anahamisha milima, mwingine ni binadamu mwenye fedha na mazoezi, na bado wachapishaji wamewaketisha katika kundi moja, Justice League, tangu mwaka 1960, na wasomaji hawakuona ajabu. Ukipima kwa nguvu, Batman hana kazi ya kufanya pale. Mchezo wa DC Heroes, uliobuniwa na Greg Gorden na kuchapishwa na Mayfair Games mwaka 1985, ulilitatua hilo kwa hesabu maridadi: kila pointi moja ni mara mbili ya iliyotangulia, kiasi kwamba pointi 10 za ziada ni zaidi ya mara 1,000. Kwa njia hiyo mtu na anayekaribia kuwa mungu waliandikwa kwa namba zinazotosha kwenye karatasi moja. Naipenda hesabu hiyo, na bado haijibu swali lenyewe. Inatuambia namna ya kuwaketisha pamoja. Haituambii kwa nini tunataka wakae pamoja.

Jibu lilikuwa limeshatolewa miaka minne kabla, na kampuni ndogo ya California iliyoitwa Hero Games. Champions, ya George MacDonald na Steve Peterson, ilitoka mwaka 1981. Kila mchezaji alianza na pointi 100 za kununulia uwezo: kuruka, kurusha miale, ngozi isiyopenywa na risasi. Pointi 100 hazimtoshi shujaa wa maana. Aliyetaka zaidi alipaswa kubeba mzigo, na kanuni zikaorodhesha mizigo na bei zake: adui anayekuwinda, siri ya jina lako halisi, kiapo cha kutoua, kitu kinachokudhoofisha, ndugu asiyejiweza anayekutegemea. Tumchukue huyo ndugu. Tuseme ni shangazi mzee. Mchezaji anamwandika kwenye karatasi, kisha anachagua ni mara ngapi shangazi ataingia matatani. Akichagua namba 8, mwendeshaji atarusha dadu tatu, na jumla ikiwa 8 au chini yake, shangazi yumo kwenye mkasa wa siku hiyo. Hiyo ni takriban mara moja katika vikao vinne. Akichagua 11, uwezekano unapanda na kuzidi asilimia 62. Akichagua 14, unazidi asilimia 90, na shangazi hana tena siku ya raha. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo mchezaji anavyopewa pointi nyingi za kununulia nguvu. Kijana aliyekuja mezani akiota kuinua lori anajikuta anaamua, kwa penseli mkononi, yuko tayari kumhangaisha shangazi yake kiasi gani ili aweze kuliinua.

Stan Lee na Steve Ditko walikuwa wamelifanya jambo hilo katika hadithi tangu mwaka 1962, walipomleta Spider-Man: kijana anayepata nguvu, anampuuza mwizi mmoja, na mwizi huyo anakuja kumuua mjomba aliyemlea. Kuanzia hapo kila uwezo wa Peter Parker una deni nyuma yake, na deni lina sura ya shangazi yake, ya kodi ya nyumba, ya kazi anayokaribia kufukuzwa. Wasomaji waliliona hilo kwa miaka 19 bila kuhitaji kulitaja. Kanuni ya Champions ililitaja: shangazi na nguvu vinatoka mfuko mmoja. Huwezi kupunguza kimoja ukabakiwa na kingine kama kilivyokuwa. Sijui sentensi ya mhakiki yeyote inayoeleza kwa ufupi kama huo tofauti kati ya shujaa wa katuni na bondia.

Kanuni hiyo inamulika hata hadithi ambazo wabunifu wake hawakuzifikiria. Chukua Fumo Liyongo alivyosimuliwa katika utenzi wa Muhamadi Kijumwa wa mwaka 1913. Tumezoea kusema kwamba udhaifu wake ulikuwa kitovu na sindano ya shaba, maana silaha nyingine hazikumdhuru. Lakini mwandike Liyongo kwenye karatasi ya Champions uone. Sindano ya shaba si kitu ambacho askari huenda nacho vitani, na kitovu si shabaha ya kufikika kwa mtu wa ukubwa ule; udhaifu adimu namna hiyo ungempa pointi chache sana. Pointi nyingi zingetoka kwingine: kwa mtawala wa Pate anayemwinda bila kuchoka, kwa mama anayehangaika kwa ajili yake, na zaidi ya wote kwa mwanawe. Ni mtoto aliyeahidiwa mke ndiye aliyeuliza siri, na ni baba ndiye aliyemjibu. Shaba ilikuwa chombo tu. Mshairi alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana beti zinazouma ni zile za baba na mwana. Ila sisi tunapomsimulia Liyongo harakaharaka, tunakumbuka sindano na kumsahau aliyeishika.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote linatoka kwa wachezaji wenyewe, nalo ni zito. Kitu kikishawekewa bei, watu watatafuta palipo rahisi. Wachezaji wa Champions waligundua mapema kwamba unaweza kuchukua udhaifu usiokuja kujitokeza, au adui ambaye ungependa kupigana naye hata bila kulipwa, au kiapo cha kutoua kwa shujaa ambaye hukukusudia kamwe aue. Pointi umeshazipata siku ya kwanza. Deni limebaki kwa mwendeshaji, ambaye ana wachezaji watano, kila mmoja na mizigo yake minne au mitano, na hawezi kuikumbuka yote. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba kanuni hii haikufundisha lolote kuhusu ushujaa ila namna ya kuiba kwa kikokotoo. Ningekubali, kama hadithi ingeishia hapo. Lakini wabunifu waliofuata hawakuitupa kanuni. Waliuliza swali moja tu: udhaifu ulipwe lini? Mutants & Masterminds ya Steve Kenson, iliyotoka mwaka 2002, ilifika katika toleo lake la pili la mwaka 2005 kwenye jibu hili: matatizo ya shujaa hayalipwi siku ya kumwandika, yanalipwa yanapouma. Shangazi akitekwa leo, na shujaa akalazimika kumwacha adui atoroke, ndipo mchezaji anapopewa pointi ya kumwokoa baadaye.

Mwaka uliofuata, Spirit of the Century ya Evil Hat, mchezo wa visa vya ujasiri wa miaka ya 1920, ulilileta jibu hilo hadi kwenye mikono ya watu. Mchezaji anamweleza mhusika wake kwa misemo mifupi anayoitunga mwenyewe, tuseme "siwezi kukataa changamoto". Wakati wa hatari, wakati ambapo busara ingekuwa kunyamaza na kujificha, mwendeshaji anachukua kete moja na kuisogeza katikati ya meza: unaonaje, si huyu mtu hawezi kukataa changamoto? Mchezaji akiichukua kete, mhusika wake anasimama na kujitangaza mbele ya maadui 20, na kete hiyo itamfaa mbele ya safari. Akikataa, inambidi yeye atoe kete yake mwenyewe kama gharama ya kuwa mwenye busara. Ubishi wa kimyakimya unaofuata, macho yakienda kwenye kete na kurudi, ni mahali ambapo mchezo mzima unaishi. Udhaifu ulikuwa mkopo uliochukuliwa mwanzoni na kusahauliwa. Sasa ni ujira wa kutwa, unalipwa jioni kwa aliyefanya kazi. Wezi wa pointi hawana tena cha kuiba, na lile pingamizi limegeuka kuwa hatua katika hoja yenyewe.

Katikati ya njia hiyo kuna mchezo mmoja uliochukua barabara tofauti, na hauwezi kupitwa. Marvel Super Heroes, uliobuniwa na Jeff Grubb na kuchapishwa na TSR mwaka 1984, ulikuwa na pointi za karma. Shujaa alizipata kwa kuokoa watu na kuzuia uhalifu, lakini pia kwa kutimiza ahadi zake za kawaida, na alizipoteza kwa kutozitimiza. Aliyeua alipoteza karma yake yote kwa pigo moja. Wapo walioiita hiyo mahubiri kwa watoto. Kwangu ni usomaji wa ujasiri wa kile ambacho Marvel ilidai kuwa nacho, na nguvu yake ni kwamba ulionyesha ufa. Wolverine na Punisher, mashujaa wanaoua ambao wote wawili walizaliwa mwaka 1974, walikuwa wakipanda kwa kasi katika mioyo ya wasomaji wakati kanuni hiyo inachapishwa. Anayemcheza Punisher kwa uaminifu angebaki na karma sifuri daima. Mchapishaji wa katuni angeweza kuwauza Captain America na Punisher kwenye rafu moja bila kuulizwa kama ni watu wa ulimwengu mmoja wa maadili. Meza iliuliza, kwa sababu mchezaji mmoja alikuwa na pointi na jirani yake hakuwa nazo, na mmoja wao lazima atake kujua kwa nini.

Pingamizi la pili ni la zamani zaidi kuliko michezo yenyewe: kwamba yote haya ni ndoto za nguvu za vijana wasio na nguvu, na kwamba ndoto hizo zina madhara. Daktari Fredric Wertham aliliandikia kitabu mwaka 1954, mwaka uleule ambao kamati ndogo ya Seneti ya Marekani iliwahoji wachapishaji mjini New York na wao wakaharakisha kujiwekea kanuni kali za maudhui. Sipendi namna pingamizi hili linavyokejeliwa na mashabiki, maana sehemu yake ni kweli. Kuna mtu anayekuja mezani kwa ajili ya kupiga tu, na ataondoka ameridhika. Ila anayetaka nguvu tupu ana njia nyingi rahisi za kuziota bila kujaza karatasi wala kusubiri zamu. Michezo hii inauza kitu kingine. Masks: A New Generation, ya Brendan Conway, iliyotoka katikati ya miaka ya 2010, haina hata namba ya nguvu za mwili. Wahusika ni mashujaa wa umri wa shule ya sekondari, na karatasi inapima namna tano za kujiona: kama hatari, kama kioja, kama mwokozi, kama bora kuliko wengine, kama mtu wa kawaida. Mtu mzima ambaye neno lake lina uzito kwako akikwambia wewe ni nani, kipimo kimoja kinapanda na kingine kinashuka. Mwalimu wako akisema mbele ya wenzako kwamba siku moja utamuumiza mtu, hatari inapanda, na mwokozi huenda akashuka. Unaweza kumkatalia, lakini kwa dadu, na dadu zinaweza kukuangusha. Majeraha nayo ni matano: hofu, hasira, hatia, kukata tamaa, kutojiamini. Hakuna jeraha la sita la risasi.

Namwomba yeyote anayesema michezo hii ni kukimbia maisha aitazame karatasi hiyo. Kijana wa miaka 16 anayeicheza anakutana na lile hasa linalomsumbua, kwamba watu wazima wanamtaja kila siku kwa majina asiyoyachagua, na anapewa mahali pa kujaribu kukataa. Hata wakubwa waliotoka mezani na kuandika hawakuandika ndoto za nguvu. Mwaka 1983 mwandishi George R. R. Martin alipewa zawadi ya mchezo wa Superworld, na yeye na waandishi wenzake wakazama ndani yake kwa muda mrefu. Kutokana na mchezo huo ukazaliwa mfululizo wa vitabu vya Wild Cards, cha kwanza kikitoka mwaka 1987. Ndani yake virusi kutoka anga za mbali vinaangukia New York mwaka 1946. Katika kila watu 100 wanaoambukizwa, 90 wanakufa, 9 wanaharibika maumbile, na mmoja tu anapata nguvu bila kilema. Hiyo ndiyo hesabu iliyowakaa vichwani watu waliotumia miezi wakinunua nguvu kwa mizigo.

Inafaa kukumbuka pia kwamba mashabiki hawa hawakuanza kushiriki siku walipopata dadu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mhariri Julius Schwartz wa kampuni ya DC alichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili, na wasomaji wakaanza kuandikiana wao kwa wao. Jerry Bails, mhadhiri wa Detroit, na Roy Thomas, mwalimu wa Missouri, walianzisha jarida la mashabiki la Alter Ego mwaka 1961. Thomas baadaye akawa mhariri mkuu wa Marvel. Jim Shooter wa Pittsburgh alikuwa na miaka 14 hadithi zake za kwanza zilipochapishwa. Kwa hiyo mpaka kati ya anayesoma na anayetunga ulikuwa mwembamba tangu zamani, na wachapishaji wamejaribu zaidi ya mara moja kuufanyia biashara. Mwaka 1988 DC iliwapa wasomaji namba mbili za simu: piga moja Jason Todd, Robin wa pili msaidizi wa Batman, aishi, piga nyingine afe. Kila simu iligharimu senti 50. Waliotaka afe walikuwa 5,343, waliotaka aishi 5,271. Kijana akafa kwa tofauti ya kura 72.

Nauleta mfano huo kwa sababu unaonyesha ushiriki usio na bei. Aliyepiga simu hakubeba lolote. Hakulazimika kukaa mkabala na mtu aliyempenda Jason Todd, wala kusimulia mazishi, wala kuamua Batman atalalaje usiku huo. Mezani, kumuua msaidizi wa shujaa maana yake ni kwamba rafiki yako aliyeketi upande wa pili ana karatasi isiyo na kazi tena mkononi, na wiki ijayo mtakutana. Wapo watakaosema kwamba uhuru huu wa mezani ni wa bandia, maana mashujaa wakubwa ni mali ya makampuni, na hata michezo ya Marvel na DC niliyoitaja ilichapishwa kwa leseni iliyoweza kufutwa. Ni kweli, na historia ya umiliki huo si nzuri: Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki za Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Lakini leseni ni ya kuchapisha. Kinachosemwa na watu watano chumbani hakina mmiliki zaidi yao, na ukomo wake ni mwingine kabisa: hakiandikwi. Maelfu ya hadithi za aina hii zimesimuliwa na kusahauliwa na kila mtu isipokuwa waliokuwapo. Nikiwa mtu wa maandishi, jambo hilo linaniumiza, na sina dawa yake.

Pingamizi ninalolipa uzito kuliko yote linahusu upande wa visa vya ujasiri vya miaka ya 1920 na 1930, vile vilivyochapishwa kwenye majarida ya bei chee ya karatasi duni. Huko ndiko walikotoka The Shadow wa mwaka 1931 na Doc Savage wa mwaka 1933, mababu wa moja kwa moja wa Batman na Superman. Huko pia ndiko alikotoka Tarzan, mapema zaidi, mwaka 1912, kwa kalamu ya Edgar Rice Burroughs, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika na aliyewaita wapiganaji watiifu wa shujaa wake Waziri. Katika hadithi hizo Mwafrika ni mbeba mizigo, mlinzi wa sanamu, au sauti ya ngoma za usiku. Mtu anayetunga kanuni kwa uaminifu kwa hadithi hizo anatunga pia dharau iliyomo ndani yake. Hapa hoja yangu inarudi kunihukumu: kama kanuni hutangaza nini kina uzito, basi kanuni zinazompa mzungu msafiri mapungufu ya kupendeza na kumwachia mwenyeji namba tatu za kupigania zimetangaza nani ni mtu. Siwezi kulikwepa hilo kwa kusema ni mchezo. Nimetumia kurasa hizi kusema kwamba si mchezo tu.

Ninachoweza kusema ni kwamba kosa likiwa ndani ya kanuni, linaonekana na linarekebishika kwa kalamu. Chris Spivey alilionyesha hilo mwaka 2017 kwa Harlem Unbound, kitabu cha nyongeza kwa ajili ya michezo ya kutisha inayotegemea hadithi za H. P. Lovecraft, mwandishi mwingine wa majarida ya bei chee aliyejaa chuki ya rangi. Spivey aliwaweka Wamarekani weusi wa Harlem ya miaka ya 1920 katikati ya mkasa, na akaufanya ubaguzi wenyewe uwe nguvu ambayo kanuni zinaihesabu. Na sisi wa Afrika Mashariki hatukuwa tukisubiri ruhusa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Nairobi na Dar es Salaam walimsoma Lance Spearman, mpelelezi mweusi wa hadithi za picha za African Film, na mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona: jasusi wa Tanzania anayesafiri nchi hadi nchi akipambana na maadui wa ukombozi wa bara hili. Tarzan hakuwa na shangazi wala nchi iliyomtuma. Gamba ana nchi, na ana wapigania uhuru ambao maisha yao yanategemea kama atafika kwa wakati.

Anayetaka kumleta Gamba mezani ana uamuzi mgumu wa kufanya, na ndio unaonifanya nitamani mtu aufanye. Mizigo yake ya kisiasa ni rahisi kuiwekea bei: wanaomwinda, siri ya kazi yake, harakati zinazomtegemea. Tatizo ni wanawake wanaompenda, kwa desturi ya majasusi wa vitabuni, ambao hadithi inawaacha nyuma kirahisi kila anapopanda ndege. Mtunzi wa kanuni atawaandika wapi? Akiwaandika upande wa uwezo, kama dalili ya mvuto wa Gamba, atakuwa amenakili kilichopo. Akiwaandika upande wa wanaomdai, basi mwendeshaji atarusha dadu tatu, na ikiwa 11 au chini yake mmoja wao ataingia kwenye mkasa akiwa na jina, kazi na maswali yake. Baadhi ya wapenzi wa Musiba watalalamika kwamba huyo si Willy Gamba waliyemzoea, na watakuwa na haki ya kulalamika. Mjadala huo utakuwa mjadala wa kwanza wa maana kuhusu vitabu hivyo kufanywa na watu waliovipenda kiasi cha kuvijua kwa moyo.